Kipakatalishi cha Mwanafunzi wa Uhandisi Asiye na Fedha Nyingi

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa mchagua jembe si mkulima. Aghalabu methali hii hutumiwa kumkemea mtu anayelalamikia ubovu wa zana ilhali tatizo lake halisi ni uvivu. Hata hivyo, kila methali ina mazingira yake. Jembe lililokusudiwa na wahenga lilifuliwa na mhunzi wa karibu, na tofauti kati ya jembe moja na jingine haikuwa kubwa kiasi cha kumnyima mtu mavuno. Hali ya kijana anayejiunga na kitivo cha uhandisi katika chuo kikuu cha Kenya ni tofauti kabisa. Zana anayotakiwa kuwa nayo huweza kugharimu fedha zilizopatikana kwa kuuza ndama, kwa mchango wa harambee au kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, yaani HELB, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka wa 1995. Akikosea, hana fedha nyingine za kurekebishia kosa hilo. Huyu ni mkulima asiye na budi kuchagua jembe.

Makala haya yanakusudia kueleza namna mwanafunzi wa aina hiyo anavyoweza kuteua kipakatalishi kitakachomfikisha mwisho wa shahada ya miaka 5 bila kuifilisi familia yake. Huenda msomaji akauliza mada kama hii inatafuta nini katika jarida la Kiswahili. Jibu ni kuwa kosa linalowagharimu wanunuzi wengi katika maduka ya Luthuli Avenue na Moi Avenue jijini Nairobi si la hesabu bali ni la msamiati. Muuzaji na mnunuzi hutumia neno moja huku kila mmoja akikusudia kitu chake, na anayepunjika ni yule asiyejua kuwa neno hilo lina maana mbili. Mwanafunzi wa Kiswahili, ambaye kazi yake ya kila siku ni kutenganisha maana, ana la kumwambia ndugu yake wa uhandisi kabla hajatoa pesa mfukoni.

Kuhusu jina la mashine yenyewe, ubishi kati ya kompyuta, tarakilishi na ngamizi ni wa siku nyingi na hautafufuliwa hapa. Neno kipakatalishi limeteuliwa kwa sababu linabeba kitenzi kupakata, yaani kuweka mapajani kama mzazi anavyompakata mtoto. Ni kweli kuwa baadhi ya mashine zitakazotajwa ni nzito na hutoa joto jingi hivi kwamba atakayezipakata atajuta, lakini lugha haiwezi kulaumiwa kwa hilo.

Neno moja, vitu viwili

Neno lenye utata ni "memori". Katika biashara ya simu za mkononi, memori ni ile kadi ndogo ya kuhifadhia picha na nyimbo. Maana hiyo imehamia katika biashara ya vipakatalishi, ambako muuzaji huweza kusema kuwa mashine yake ina memori ya 500, naye mnunuzi aliyeambiwa chuoni kuwa memori kubwa ni muhimu akaridhika na kulipa. Kumbe muuzaji anazungumzia nafasi ya kuhifadhia faili, ilhali mhadhiri alizungumzia kitu kingine kabisa. Hakuna aliyesema uongo, lakini mwanafunzi amenunua kitu ambacho hakukihitaji.

Kiswahili kina uwezo wa kutenganisha mambo haya mawili bila taabu: kuna kumbukumbu na kuna hifadhi. Ili kuelewa tofauti yake, msomaji na amfikirie seremala katika karakana yake. Seremala mwenyewe ni kichakataji, kile ambacho mafundi wengi hukiita prosesa. Yeye ndiye anayefanya kazi. Benchi analofanyia kazi ndiyo kumbukumbu. Stoo ya mbao iliyo nyuma ya karakana ndiyo hifadhi. Stoo ikiwa kubwa, seremala anaweza kuweka mbao nyingi, lakini ukubwa huo haumsaidii kuunda kabati ikiwa benchi lake halizidi upana wa kiti. Atalazimika kuleta ubao mmoja, kuurudisha, kuleta mwingine, na siku nzima itaisha akitembea. Hivyo ndivyo kompyuta yenye kumbukumbu ndogo inavyofanya: huanza kuazima sehemu ya hifadhi ili iitumie kama benchi, na kwa kuwa hifadhi ina kasi ndogo mno ikilinganishwa na kumbukumbu, kila kitu husimama.

Kwa mwanafunzi wa fasihi anayeandika tasnifu, benchi dogo linatosha. Kwa mhandisi mambo ni mengine, na hesabu rahisi inaweza kuonyesha sababu. Katika programu ya MATLAB, inayotumiwa sana katika vitivo vya uhandisi, kila namba ya kawaida huchukua baiti 8 za kumbukumbu. Jedwali la namba lenye safu 10,000 kwenda chini na 10,000 kwenda kando lina namba milioni 100, hivyo linahitaji baiti milioni 800, ambazo zinakaribia gigabaiti 1. Mwanafunzi akiongeza maradufu kila upande wa jedwali hilo, hitaji haliongezeki maradufu bali mara 4, na kufikia gigabaiti 3.2. Hilo ni jedwali moja tu, kabla ya kulizidisha kwa jingine na kupata la tatu. Wakati huo huo mfumo endeshi na kivinjari cha mtandao vilivyofunguliwa kando tayari vimekwisha kula gigabaiti kadhaa. Ndiyo maana mashine yenye kumbukumbu ya gigabaiti 4 haifai katu kwa kozi hii, ya gigabaiti 8 huvumilika katika miaka ya mwanzo, na ya gigabaiti 16 ndiyo inayostahili kulengwa.

Hifadhi nayo ina aina zake, na hapa pia ukubwa unaweza kumhadaa mtu. Kuna diski za zamani zenye sahani zinazozunguka, nyingi zikizunguka mara 5,400 kwa dakika katika vipakatalishi, na kuna zile zisizo na kitu chochote kinachozunguka, ambazo hujulikana kwa herufi SSD. Mashine iliyokuwa ikichukua dakika kadhaa kuamka huamka kwa sekunde chache inapobadilishiwa diski ya kwanza kwa ya pili. Gigabaiti 256 za SSD zina manufaa makubwa kwa mwanafunzi wa uhandisi kuliko gigabaiti 1,000 za diski inayozunguka, ingawa muuzaji atainadi hiyo ya pili kwa sauti kubwa zaidi. Faili za ziada zinaweza kuwekwa katika diski ya nje baadaye.

Kozi kwanza, duka baadaye

Wanunuzi wengi huanzia dukani. Huona mashine inayong'aa, kisha ndipo hujiuliza kama itafaa. Njia iliyo bora ni kuanzia katika ofisi ya idara. Mwanafunzi na aombe orodha ya programu zinazotumiwa katika kozi yake, na mwaka ambao kila moja huanza kutumiwa. Orodha hiyo ndiyo itakayoamua, kwa sababu uhandisi si kazi moja.

Mwanafunzi wa uhandisi mitambo yamkini atahitaji SolidWorks, ambayo watengenezaji wake wanapendekeza kumbukumbu ya gigabaiti 16 au zaidi. Wa uhandisi wa ujenzi atakutana na AutoCAD, ambayo matoleo yake ya karibuni yanataka gigabaiti 8 kama kiwango cha chini, na pengine Revit, ambayo inaanzia gigabaiti 16. Hawa wawili wana sababu ya kutafuta mashine yenye kadi ya michoro ya pekee, yaani sehemu maalumu ya kuchora maumbo kwenye skrini ambayo haitegemei kichakataji. Bila kadi hiyo, mchoro wa kifaa kimoja utazunguka vizuri kwenye skrini, lakini mchoro wa injini nzima yenye mamia ya vipuri utakuwa ukigugumia. Kwa upande mwingine, mwanafunzi wa uhandisi wa umeme au wa kompyuta anayeandika programu, kuchora saketi na kuchanganua data, anaweza kuhitimu bila kuiona faida ya kadi hiyo. Kumshauri anunue mashine sawa na ya mwenzake wa mitambo ni kumpotezea fedha.

Orodha ya idara hufichua jambo jingine ambalo wazazi wengi hawaambiwi. Mwaka wa kwanza wa uhandisi aghalabu ni mwaka wa hisabati, fizikia na uchoraji wa mkono. Programu nzito huja baadaye. Kwa hivyo, aliye na fedha kidogo sana hana haja ya kuuza ndama mwezi wa kuripoti chuoni. Anaweza kutumia maabara ya kompyuta ya chuo kwa muhula mmoja au miwili, awasikilize walio katika mwaka wa tatu, kisha anunue akijua anachokitafuta. Ushauri huu hauwapendezi wauza duka, ambao huchangamkia sana miezi ya kuripoti kwa wanafunzi wapya, lakini kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake.

Kadhalika, orodha hiyo inasaidia kukomesha mazoea ya kuwekewa programu za wizi. Ni jambo la kawaida mnunuzi kuahidiwa dukani kwamba atawekewa AutoCAD bila malipo, na programu hiyo inapotiwa katika mashine huja pamoja na virusi vyake. Ahadi hiyo haina maana kwa sababu kampuni ya Autodesk huwapa wanafunzi waliothibitishwa haki ya kutumia AutoCAD, Revit na Inventor bila malipo kwa mwaka 1, haki ambayo huweza kuhuishwa wakiwa bado masomoni. Ansys pia ina toleo la wanafunzi lisilolipiwa, lenye mipaka fulani. Pale ambapo chuo hakina leseni ya MATLAB, programu huria ya GNU Octave hufanya sehemu kubwa ya kazi za shahada ya kwanza kwa lugha inayokaribiana nayo sana. Jina hilo, kwa faida ya wapenda etimolojia, halitokani na muziki. Lilitokana na Octave Levenspiel, profesa wa uhandisi wa kemikali aliyewahi kumfunza mwanzilishi wa programu hiyo.

Ama kuhusu mashine za Apple, neno fupi linatosha. Ni imara na zinapendeza, na mwanafunzi wa uhandisi wa kompyuta anaweza kufanya kazi nazo vizuri. Hata hivyo, SolidWorks na Revit hazikuundwa kwa mfumo wao, na tangu mwaka wa 2020 kampuni hiyo ilipoanza kutumia vichakataji vyake yenyewe, ile njia ya kuweka Windows moja kwa moja katika mashine zake mpya ilifungwa. Wa mitambo na wa ujenzi wazipite.

Kusoma namba ya kichakataji

Baada ya memori, neno la pili linalopotosha ni "i7". Imeaminika kuwa i7 ni bora kuliko i5, nayo i5 ni bora kuliko i3, na bei hupangwa kwa imani hiyo. Ukweli ni kwamba herufi na tarakimu hiyo ya kwanza ni kama cheo tu. Haielezi mtu aliyepewa cheo hicho ni wa enzi gani. Habari muhimu iko baada ya kistariati.

Mathalani, katika i7-6600U, tarakimu 6 inaonyesha kuwa kichakataji hicho ni cha kizazi cha 6, kilichotoka mwaka wa 2015. Katika i5-8250U, tarakimu 8 ni ya kizazi cha 8, kilichotoka mwaka wa 2017. Namba ikiwa na tarakimu 5, kama i5-10210U, kizazi ni zile mbili za kwanza, yaani cha 10. Sasa, i7-6600U ina viini 2 tu vya kufanyia kazi, ilhali i5-8250U ina viini 4. Tukirudi katika karakana, ya kwanza ina maseremala wawili wenye cheo kikubwa. Ya pili ina maseremala wanne. Anayelipa zaidi kwa ajili ya i7 hiyo ya kizazi cha 6 analipia cheo.

Herufi ya mwisho nayo ina ujumbe. U huashiria kichakataji kinachobana matumizi ya umeme, ambacho hukaa na chaji kwa muda mrefu. H huashiria kile chenye nguvu zaidi, kinachotumia umeme mwingi na kutoa joto jingi. Mwanafunzi anayezunguka na mkoba kutwa nzima, akitegemea soketi moja ya umeme katika ukumbi wa watu 200, atathamini U. Anayeshughulika na michoro mizito bwenini karibu na soketi yake atathamini H.

Kizazi kina uzito mwingine ambao umeongezeka hivi karibuni. Microsoft ilikomesha huduma za kawaida za Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Mfumo uliofuata, Windows 11, unakubali rasmi vichakataji vya Intel vya kizazi cha 8 na kuendelea, isipokuwa vichache vya kabla ya hapo, na kwa upande wa AMD mwenye kuchukua Ryzen za mfululizo wa 4000 na kuendelea hatapata shida. Matokeo yake ni kwamba mashine nyingi za kizazi cha 6 na cha 7, ambazo bado ni nzima, zimejaa sokoni kwa bei ya chini. Baadhi zimewekewa Windows 11 kwa njia za mkato, na mnunuzi haambiwi. Kwa mwanafunzi anayetaka mashine ya kumfikisha mwaka wa 5, kizazi cha 8 na kiwe ndio mstari wa chini.

Ipo hali moja ambapo mstari huo unaweza kuvukwa kwa faida. Mwanafunzi wa uhandisi wa umeme au wa kompyuta ambaye programu zake zote, kama Python, Octave na KiCad, zinafanya kazi katika Linux, anaweza kununua mashine ya kizazi cha 6 kwa fedha kidogo, aiwekee Ubuntu bila malipo, na aishi nayo vizuri. Wasomi wa Kiswahili hawapaswi kuiona Linux kama jambo geni. Mradi wa KiLinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu ya ofisi kwa Kiswahili, Jambo OpenOffice, mwaka wa 2004, na ulilazimika kuunda mamia ya istilahi ili kufanya hivyo.

Mpya duni au kuukuu bora?

Tuseme mwanafunzi ana shilingi 40,000. Kwa kiasi hicho ana njia mbili. Ya kwanza ni mashine mpya iliyo katika sanduku lake, yenye karatasi za nailoni na harufu ya upya. Ya pili ni mashine iliyotumika ng'ambo, ile inayonadiwa mitaani kwa jina la "ex-UK" hata ikiwa imetoka Ujerumani au imepitia Dubai.

Wazazi wengi huchagua ya kwanza, na sababu zao zinaeleweka. Kitu kipya kina heshima. Lakini kitu kipya cha bei ya chini kabisa katika biashara hii kimefikishwa kwenye bei hiyo kwa kupunguza kila kinachoweza kupunguzwa. Mara nyingi ndani yake mna kichakataji cha aina ya Celeron, kama N4020 chenye viini 2, kumbukumbu ya gigabaiti 4 iliyochomelewa kwenye bodi isiweze kuongezwa, na hifadhi ya gigabaiti 64 ambayo mfumo endeshi peke yake unaweza kuijaza nusu. Mashine kama hiyo inatosha kuandikia barua na kutazama video. SolidWorks itaishinda siku ya kwanza, na hakuna fundi atakayeweza kuisaidia kwa kuwa hakuna kinachofunguka.

Mashine iliyotumika ina historia tofauti. Makampuni makubwa ya Ulaya na Marekani hununua vipakatalishi kwa maelfu kwa ajili ya wafanyakazi wao, kisha huvibadilisha baada ya miaka michache hata kama ni vizima. Hivi havikuundwa kwa ajili ya kupambwa madirishani bali kwa kazi ya ofisi ya kila siku: bawaba zake ni ngumu, kibodi zake huvumilia kuchapwa, na, jambo lililo muhimu zaidi kwa mwenye fedha chache, vifuniko vyake vya chini hufunguliwa kwa bisibisi. Lenovo ThinkPad T480, HP EliteBook 840 G5 na Dell Latitude 5490 ni mifano mizuri ya kizazi cha 8. Zote tatu zina nafasi 2 za kuwekea kumbukumbu. Mwanafunzi anaweza kununua iliyo na gigabaiti 8 leo, aongeze gigabaiti 8 nyingine akifika mwaka wa tatu wakati michoro inapokuwa mizito, na hivyo kugawa gharama katika vipindi viwili vya mkopo. Shilingi 40,000 kwa kawaida hutosha kupata moja ya hizi na kubakiza akiba kidogo.

Kwa wa mitambo na wa ujenzi wenye uwezo wa kuongeza fedha kiasi, kuna jamii nyingine ya mashine zilizotumika, zilizoundwa mahususi kwa wahandisi na wasanifu majengo: HP ZBook, Dell Precision na ThinkPad za mfululizo wa P. Nyingi zina kadi za michoro za pekee na vichakataji vya H. Hizi ndizo zisizopakatika. Chaja yake peke yake ni mzigo, na betri yake haimalizi mihadhara ya asubuhi. Anayeishi mbali na chuo na kupanda matatu mbili kila siku na alipime jambo hilo kabla ya kuvutiwa na nguvu zake.

Mbele ya muuzaji

Si kila kuukuu ni bora. Baadhi ya mashine zilizotumika zina maradhi yaliyofichwa, na muda wa kuyagundua ni kabla ya kulipa. Mwanafunzi asiende peke yake wala asiende jioni duka linapofungwa. Nusu saa ya ukaguzi haimkasirishi muuzaji mwaminifu.

Betri ndiyo ya kwanza, kwa kuwa ndiyo inayochoka mapema zaidi. Windows yenyewe ina uwezo wa kutoa ripoti ya afya ya betri: mtu hufungua dirisha la amri, huandika powercfg /batteryreport, na mashine humtengenezea faili inayoonyesha uwezo wa betri ilipoundwa na uwezo wake wa sasa. Ikiwa ya kwanza ni 50,000 na ya pili ni 30,000, betri imebaki na asilimia 60 ya nguvu zake. Hilo si lazima liwe kizuizi, ila ni sababu nzuri ya kuomba bei ipunguzwe au betri ibadilishwe. Ikiwa imebaki chini ya nusu, gharama ya betri mpya ihesabiwe kuwa sehemu ya bei.

La pili, ambalo wengi hawalijui, ni kufuli la kampuni. Kwa kuwa mashine hizi zilikuwa mali ya makampuni, baadhi bado zimesajiliwa katika mitambo ya usimamizi ya wenyewe wa zamani. Mashine inaweza kufanya kazi vyema dukani, kisha siku ambayo mwanafunzi ataweka upya mfumo endeshi, skrini itamdai barua pepe na nywila za kampuni ambayo hajawahi kuisikia. Dawa yake ni kuomba mashine iwekwe upya palepale dukani na iunganishwe na mtandao. Pia aizime na kuiwasha akiingia katika mipangilio ya chini kabisa, ile inayofunguka kabla ya Windows. Akidaiwa nywila ambayo muuzaji hana, aiache.

Kisha kuna kibodi. Mashine zilizotoka Ujerumani zina herufi Z mahali pa Y, na zilizotoka Ufaransa zina A mahali pa Q. Wauzaji wengine hubandika vibandiko vyenye mpangilio wa Kiingereza juu yake, ambavyo hutoka baada ya miezi michache. Si kasoro kubwa kwa mtu aliyezoea kuchapa bila kutazama, lakini anayenunua na ajue anachonunua. Kila kitufe kibonyezwe, kila tundu litiwe kifaa, kamera na spika zijaribiwe. Skrini iwe na nukta 1,920 kwa 1,080. Zile za 1,366 kwa 768 ni finyu mno kwa michoro, kwani vibonyezo vya programu hujaza nusu ya dirisha. Programu ndogo isiyolipiwa iitwayo CrystalDiskInfo inaonyesha afya ya diski na saa ambazo imefanya kazi. Hatimaye mashine iachwe ifanye kazi nzito kwa dakika 15 hivi, huku mnunuzi akisikiliza feni yake. Ikizimika ghafla kwa joto, jibu limepatikana.

Namba ya kizichakata na kiasi cha kumbukumbu visisomwe kwenye kibandiko cha nje, kwa kuwa kibandiko hubandikwa na yeyote. Visomwe ndani ya mashine, katika ukurasa wa maelezo ya mfumo, au kwenye Task Manager, ambayo huonyesha pia ni nafasi ngapi za kumbukumbu ambazo zimetumika. Mashine yenye gigabaiti 8 katika nafasi moja kati ya mbili ni bora kwa mwanafunzi kuliko iliyogawa 4 na 4, kwa sababu ya kwanza itaongezewa bila kutupa chochote.

Yote yakiridhisha, inabaki risiti. Ibara ya 46 ya Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010 inampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa zenye ubora wa kuridhisha na habari zinazohitajika ili anufaike nazo. Haki hiyo ni vigumu kudaiwa kwa karatasi iliyoandikwa "laptop moja". Risiti na ibebe namba ya siri ya mashine iliyochapishwa chini yake, namba kamili ya kichakataji hadi herufi yake ya mwisho, muda wa dhamana na kinachodhaminiwa, hasa kama betri imo au haimo. Na pale ambapo muuzaji ataandika memori 256, mnunuzi amwombe kwa adabu aandike mistari miwili: kumbukumbu gigabaiti 8, hifadhi ya SSD gigabaiti 256.